Kipapatio cha Pili

Kuku wa Mjomba,
Lushoto mjini,
Jumatatu mchana.

Kwa dada yangu mpendwa Marta,

Shikamoo dada. Na shikamoo nyingine mfikishie shemeji Tobia, mwambie naulizia ule mguu alioukata kwa jembe, kama umefunga au bado anachechemea kwa kudeka. Watoto waambie mama yao mdogo anawakumbuka wote, hasa yule wa mwisho aliyenitapikia gauni siku ya Pasaka. Gauni lilitakata, asiwe na wasiwasi. Je, iliki yenu imechumwa? Na mvua ya huko Zirai imepungua, au bado mnaanika nguo ndani?

Mimi mwilini sijambo. Baridi ya mwezi wa saba inatuuma kama kila mwaka, ukungu unaingia mpaka jikoni, lakini hilo tumezaliwa nalo. Mama hajambo. Baba naye hajambo, na habari zake ndizo zilizonikalisha hapa kuandika. Kinachonisumbua ni kichwa, dada. Hakiumi, kimevurugika tu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako hushikwa na kila mtu. Nikipiga anapokea shemeji, au mtoto anabonyeza spika, na hili ninalotaka kukueleza si la spika. Halafu ni refu, na nikilisema kwa kinywa nitaanzia katikati kama ilivyo desturi yangu. Basi zamu yangu imeisha, nimekaa meza ya nyuma, na kesho nitampa barua hii dereva wa gari la kabichi anayeshukia Muheza. Ameniahidi ataikabidhi kwa pikipiki ya kwanza inayopanda kwenu. Ikikufikia inanuka mafuta ya kukaangia nisamehe, hapa kila kitu kinanuka hivyo, na mimi pia.

Nianzie dukani, maana bila duka hutaelewa kitu. Nilikwambia Pasaka kwamba Kuku wa Mjomba walifungua tawi hapa Lushoto mwaka jana, na kwamba nilipata kazi ya kaunta. Ni kampuni ya Dar, ina maduka mengi huko chini. Meneja wetu anaitwa Rashidi, mtoto wa Dar, mtu mwema ila hajawahi kuvaa sweta mpaka alipoletwa huku, na sasa anavaa mawili. Mbele ya duka wameweka kioo kikubwa, kutoka sakafuni mpaka juu, ili anayepita barabarani aone watu wanavyokula atamani. Rashidi anakipenda kioo kile kuliko kitu chochote. Anakifuta mwenyewe.

Mwanzoni tuliuza kuku na chipsi, na biashara ilikwenda. Kisha mwezi wa sita wakaleta vipapatio. Ndiyo dada, vipapatio vya kuku, vitupu, sita kwenye boksi, vimekaangwa vikawa vyekundu, vimepakwa pilipili yenye asali. Ni vitamu, sitaki kuwasingizia. Rashidi alituambia kwamba huko Dar watu wanavigombania, na makao makuu wametuma tangazo la kubandika ukutani na karatasi kubwa yenye nyuso tatu, mmoja unacheka, mmoja umenuna, mmoja mdomo umenyooka tu. Mteja akimaliza kula anaombwa aguse uso unaolingana na moyo wake. Watu wetu unawajua. Ukimuuliza chakula kikoje anakwambia si kibaya. Wote waligusa mdomo ulionyooka.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kilichomchanganya Rashidi ni vile watu walivyokuwa wakifungua boksi. Alikuja bibi mmoja wa Kwembago na mjukuu wake wa kike aliyevaa sare ya shule. Akafungua, akahesabu kwa kidole, akaniuliza vipapatio sita ni kuku watatu, je, hao kuku wenyewe wako wapi? Nikamwambia wako, wameuzwa kwa wengine. Akasikitika, kama vile nimemwambia msiba. Kisha akafunika boksi na kumwambia mjukuu asiguse, yeye bado yuko kidato cha pili. Wakala chipsi tupu.

Akaja baba mmoja mnene mwenye duka la pembejeo. Alinunua, akafungua mlangoni, akarudi. Aliomba abadilishiwe apewe mapaja. Rashidi akamuuliza kwa upole kama kuna kasoro. Yule baba akasema kasoro hakuna, ila yeye ana mabinti wanne nyumbani, na hajawa tayari kubaki peke yake na mama yao. Rashidi alicheka kwa adabu, kisha akanigeukia kuniuliza kwa macho kwa nini tumecheka.

Na yule karani wa benki, maskini. Alimleta msichana hapa Jumapili baada ya ibada, akamwagizia boksi zima la vipapatio na soda. Msichana akaangalia boksi, akamwangalia yeye, akasimama, akaondoka na kuiacha soda inatoa povu. Kijana alibaki ameshika tishu. Aliniuliza amekosea nini, nami nikamwambia pengine ni pilipili, kwa sababu wakati huo hata mimi nilikuwa sijaunganisha mambo. Kesho yake msichana alirudi, safari hii na shangazi yake. Wakakaa, wakaagiza chai, kisha shangazi akaniita pembeni na kuniuliza yule karani ni mtu wa wapi na anaishi na nani.

Wapo waliokula bila neno. Vijana wa bodaboda wanatafuna mpaka mifupa. Wazungu wanaokuja kutembea msituni Magamba wanalamba vidole na kugusa uso unaocheka. Hata kwa watu wetu wengi tu kipapatio ni kipapatio, hawajui habari nyingine. Lakini wale wengine walikuwa wanazidi, na Rashidi akaamini tatizo ni pilipili. Akapunguza. Wakaendelea vilevile. Akaongeza asali. Wakaendelea vilevile. Siku moja alisimama mbele ya kioo chake akasema kwamba amefanya kazi ya kuku miaka mingi na hajawahi kuona watu wanaomwogopa kuku aliyekwisha kufa.

Ndipo nilipokumbuka nyumbani. Dada, nilidhani sheria ile ni ya Baba peke yake, ameitunga akiwa kwenye karoti zake. Firigisi ya Baba, mgongo na vipapatio vya Mama, mapaja ya wageni, sisi tugombee shingo na miguu. Na mtoto wa kike hagusi kipapatio hata akililia, mpaka siku akiposwa, Baba akaridhia, basi siku hiyo Baba mwenyewe anavitoa sahanini kwa Mama na kumpa. Asiye na bawa asiruke, alikuwa akisema, na sisi tulicheka kwa kuwa kuku mwenyewe haruki. Kumbe wapo wengi wenye habari kama hiyo, kila nyumba na namna yake.

Nikamweleza Rashidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa juu ya kofia. Akasema huko kwao wasichana wanakula vipapatio Jumatatu, Jumanne, mpaka Ijumaa, na bado wako nyumbani kwa mama zao. Nikamwambia labda ndiyo sababu. Hakucheka. Akaja na wazo lake: wiki ile yote, kila anayenunua nusu kuku apewe vipapatio viwili vya nyongeza, bure, apende asipende, ili watu wazoee. Zishike hizo nyongeza, dada, maana ndizo zilizoniharibia kichwa.

Sasa nije kwa Hashimu. Tafadhali usiikunje barua.

Hashimu ni mwenzetu wa jikoni. Ndiye anayepokea kuku, anawachinja, na jioni anakaanga. Watu wake ni wa Soni. Ana umri kama wa kaka Heri, ni mpole, anaongea kidogo, na akinyamaza si kwa kununa. Siwezi kukuandikia mengine, nina aibu, ila nampenda dada, na yeye ananipenda, na tumekwisha kuelewana kwamba kila mtu abaki na dini yake na ndoa tufunge bomani. Kwao walinung'unika, kisha wakasema sawa. Ila mjomba wake, ambaye ndiye angetumwa kuposa, aliweka sharti moja. Alisema hawezi kupanda Mlalo na kuingia nyumbani kwa mzee wa kanisa wa Kilutheri kuomba binti, afukuzwe mbele ya majirani. Wasikie kwanza kwamba Baba ameridhia, ndipo watakwenda.

Nilimwambia Mama habari hii Krismasi, na Mama akamwambia Baba. Mama anasema Baba alisikiliza, akauliza jina, akaambiwa Hashimu, akachukua jembe akaenda shambani, na ilikuwa sikukuu. Tangu siku ile hakutamka lolote. Hakukataa. Hakukubali. Nikienda nyumbani tunaongea juu ya bei ya karoti, juu ya kwaya, juu ya mbwa. Nilijaribu kuanza mwezi wa tatu, nikafika kwenye neno Baba, akasema plamsi mwaka huu ziliiva mapema. Unamjua. Ungempiga kwa nyundo asingesema kitu ambacho hajakipanga. Na mimi namheshimu, sikuweza kumwuliza tena. Nilikaa na kimya chake miezi yote hii kama mtu aliyeambiwa asubiri gari na hakuambiwa kama lipo.

Basi Alhamisi iliyopita, siku ya soko, Baba alishuka na karoti. Saa sita ukungu ulikuwa bado haujapanda. Nikaona mtu anasimama nje ya kioo na koti lake jeusi la kanisani, anatazama ndani kwa muda mrefu. Dada, hajawahi kukanyaga duka hili. Nilitoka kaunta nikamwamkia, akaitikia, akaingia, akafuta miguu mlangoni mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akakaa meza iliyo karibu na kaunta. Akaagiza nusu kuku.

Nikamletea mwenyewe. Juu yake vipapatio viwili vya nyongeza, kama alivyoagiza Rashidi. Baba aliviangalia. Akala kuku taratibu, na hakuvigusa. Kisha akaniuliza, bila kuinua uso, kuku wetu huchinjwa na nani.

Nikasema, Hashimu.

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina hilo mbele yake. Nilidhani sakafu itafunguka. Baba akatafuna, akameza, akauliza kama kisu chake ni kikali. Nikasema ni kikali, hunoa kila asubuhi. Akaitikia kwa kichwa. Akaendelea kula. Alipomaliza alifuta mikono vizuri kwa tishu, kidole kwa kidole, akachukua kisahani cha kachumbari kilichokuwa tupu, akaweka vipapatio vyote viwili juu yake, akakisukuma kwangu.

"Kula, mwanangu. Zitapoa."

Ndivyo alivyosema, zitapoa, unajua Kiswahili chake. Akasimama, akavaa kofia, akatoka. Hakuangalia nyuma. Ukungu ukammeza hapo hapo mlangoni, nami nikajua amevuka kwenda kungoja gari linalorudi Mlalo.

Dada, nilisimama pale na kisahani mkononi, na mteja mwingine ananiita, simsikii. Machozi yalinitoka na sijui yalikuwa ya nini. Nilichukua kipapatio kimoja nikakila pale pale kwa kusimama, mpaka mfupa. Sikusikia utamu wala pilipili. Nikachukua cha pili, nikakifikisha mdomoni, kikagoma. Wazo lilinijia ghafla: vipi kama ni nyongeza tu? Vipi kama Baba ameviona vya bure akamwonea huruma mtoto wake anayefanya kazi kwa kusimama? Kila mtu wiki ile alipewa viwili. Hata wewe ungekuja ungepewa viwili. Na meno ya Baba unayajua, upande wa kushoto hayapo kabisa, na kipapatio ni mifupa mitupu. Mtu asiye na meno akikusukumia mifupa, je, amekupa mume au amekupa mifupa?

Nikakifunga kile cha pili kwa karatasi ya duka, nikakiweka kwenye friza, kona ya chini, nikaandika juu yake USIGUSE. Kipo mpaka sasa.

Nimewaza mpaka nimechoka. Upande mmoja naona alikuja makusudi, na koti la kanisani, siku ya soko. Lakini Baba huvaa koti lile hata kwenda kunyoa. Upande mwingine naona aliuliza habari ya kisu. Lakini mzee yeyote angeuliza kisu, kwa wazee kisu butu ni dhambi. Alisema mwanangu, lakini hata yule mbwa humwita mwanangu. Nikilala nasema amekubali. Nikiamka nasema ni meno.

Nawe ndiye pekee unayejua, kwa sababu wewe ulipewa. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Kifungilo shuleni, nikarudi likizo nikakuta kitanda chako kimekunjwa blanketi, nikauliza Marta yuko wapi, Mama akasema Marta alikula vipapatio. Basi. Nililia siku mbili, na nikikumbuka sasa naona nilikuwa na wivu wa vipapatio kuliko wa mume, samahani shemeji. Sikuwahi kukuuliza ilikuwaje. Alisema neno? Aliomba kwanza? Ulikula kimoja au vyote? Mama alikuwepo? Nilimpigia Mama Ijumaa nikamwuliza kwa kuzunguka, akasema hayo ni ya baba yenu, yeye kazi yake ilikuwa kupika.

Na sasa nikuambie jambo lenyewe, lile ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu ukurasa wa kwanza.

Nilimwambia Hashimu. Alhamisi ile ile. Alitoka jikoni akanikuta nalia, akauliza nimefiwa na nani, nami nikasema Baba amekubali. Sikusema labda. Sikusema kuhusu nyongeza wala meno. Nilisema amekubali, kwa sababu kwa muda ule nilikuwa nimekwisha kumeza na niliamini. Dada, uso wake ulivyobadilika, nilishindwa kurudisha neno. Akampigia mjomba wake. Mjomba akafurahi, akatuma ujumbe Mlalo kwamba Jumamosi hii yeye na wazee wawili wanapita kumsalimia Baba. Na Baba akajibu karibuni. Neno moja. Lakini Baba humwambia kila mtu karibuni. Aliwaambia hata wale vijana waliokuja kuuza vikombe vya miujiza.

Kwa hiyo Jumamosi wazee watatu wenye kanzu wataingia uani kwetu, wakiamini wanakwenda kwa mtu aliyeridhia. Kama Baba hakumaanisha, atawakaribisha, atawapa chai, atawasikiliza, kisha atasema hapana kwa adabu zake, na wao watajua nimewadanganya, na Hashimu atajua. Na Baba atajua nimemtangazia neno ambalo hakulisema. Hilo la mwisho ndilo linaloniondolea usingizi. Yeye mwenyewe neno moja hulifuga mwaka mzima kabla ya kulitoa, na mimi nimemtolea.

Nakuomba hivi. Ukiisoma barua hii nenda pale kwenye mti wa mkarafuu ambapo mtandao hupatikana. Kama siku yako Baba alikupa kwa maneno, kwa sala, kwa kukuita mbele ya watu, basi nibipu mara moja, nami nitamwambia Hashimu ukweli kabla ya Jumamosi, litakalokuwa na liwe. Kama alisukuma sahani tu, nibipu mara mbili. Usinipigie, nitashindwa kuongea mbele ya wateja.

Jumanne asubuhi.

Dada, nilikuwa nimekwisha kukunja karatasi, nimeikunjua tena. Dereva ananisubiri hapo nje, anapiga honi, mwache apige.

Amekuja Mzee Abubakari, jirani yetu wa upande wa mapeasi, yule ambaye Baba humwita kila Krismasi aje kutuchinjia kuku ili majirani wote wale bila shaka moyoni. Ameshuka kuuza viazi. Nimemwamkia, nimemkaribisha chai, akasema hatakaa, ametumwa tu. Akaniambia Baba amemwomba apite nyumbani Jumamosi alfajiri na kisu chake, kuna majogoo wawili. Nikamwuliza, Krismasi mwezi wa saba, mzee? Akasema hata yeye aliuliza hivyo, na Baba akamjibu kwamba anao wageni, na wageni hao anataka wale washibe. Alimwuliza wageni gani. Baba akaanza kumsifia viazi vyake.

Nilikuwa nimekwisha kushika kaunta kwa mikono miwili. Nikamwuliza kama kuna lingine. Akafikiri, akasema liko, lakini yeye hakulielewa, pengine mimi nitalielewa.

"Baba yako amesema Jumamosi upande mapema umsaidie mama yako. Na kile kipapatio kingine ukilete, ukimalizie mbele yake. Sijui ni kipapatio gani. Nimetumwa tu."

Dada Marta, Baba hakuondoka. Alhamisi ile alivuka barabara, akasimama kwenye ukungu, na akanitazama kupitia kioo cha Rashidi. Aliniona nikila kimoja. Aliniona nikikirudisha cha pili. Na hakuudhika, amekingoja tu, kama anavyongoja kila kitu.

Nililia mbele ya wateja. Rashidi alikuja mbio akidhani yule mzee amenitukana, kisha akadhani ni pilipili, kisha akaniuliza taratibu, Dorkasi, ni uso upi? Nikaenda kwenye ile karatasi yake ukutani nikagusa nyuso zote tatu, mmoja baada ya mwingine. Amerudi kufuta kioo. Nimemwambia akifute vizuri.

Basi usibipu tena, dada. Njoo. Shuka na basi la Ijumaa, umwache shemeji na watoto, mguu mmoja mzima wa kusimamia jikoni anao, na ulete iliki ya kutosha chai ya wazee watatu. Halafu nijibu jambo moja ambalo sina wa kumwuliza, maana Baba hatasema na Mama atacheka: kipapatio kilicholala kwenye friza tangu Alhamisi, nikipashe moto au nikile hivyo hivyo? Nataka nifanye sawasawa.

Wasalimie wote wa Zirai, mkubwa kwa mdogo. Mungu atukutanishe salama Jumamosi jikoni kwa Mama.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kipapatio kimoja,

Dorkasi.